Sherehe ya Krismasi kazini: nani achange ngapi, na adabu zake ni zipi?

Kila ikikaribia Desemba, ujumbe unaoingia kwenye simu ya studio hubadilika. Watu wanapunguza kuuliza bei ya alizeti na kuanza kuuliza habari za michango. Mmoja anaandika, "Ofisini kwetu tumeambiwa kila mtu elfu ishirini, na mimi ni mfagizi. Je, ni lazima?" Mwingine anaandika, "Mimi ni Mwislamu, wenzangu wanafanya sherehe ya Krismasi. Nisipokwenda wataona nawadharau?" Wa tatu ni mweka hazina wa kamati, anauliza afanye nini na watu walioahidi wasitoe.

Hewani tunapata dakika chache tu za kujibu. Ndiyo maana tumeamua kuandika hapa kwa kirefu, ili uweze kusoma taratibu kwenye simu yako na kuwatumia wenzako wa kamati.

Tukisema "kazini" hatumaanishi ofisi yenye kiyoyozi peke yake. Kazini ni shule ya msingi yenye walimu tisa, zahanati, mashine ya kukamua alizeti, ghala la AMCOS, kijiwe cha bodaboda pale Misigiri, saluni na hata mgahawa wa stendi. Popote watu wanapotoka jasho pamoja mwaka mzima, mwisho wa mwaka hupenda kukaa pamoja na kula.

Desturi hii imetoka wapi?

Krismasi, tarehe 25 Desemba, ni sikukuu ya kidini na ni siku ya mapumziko kitaifa hapa Tanzania. Tarehe 26, Boxing Day, nayo ni mapumziko. Wengi wetu tukisikia jina hilo tunafikiria ngumi, na kweli mapromota wa masumbwi hupenda kupanga mapambano siku hiyo. Asili yake ni nyingine. Neno hilo limetoka Uingereza, na linahusu boksi. Watumishi wa majumbani, wapeleka barua na vibarua walikuwa wakipewa zawadi au fedha ndani ya boksi siku iliyofuata Krismasi, kwa sababu siku ya Krismasi yenyewe walikuwa kazini wakiwahudumia matajiri wao.

Yaani chimbuko la zawadi ya mwisho wa mwaka kazini ni mwenye nacho kumpa aliyemfanyia kazi. Likumbuke hilo, maana leo sehemu nyingi mambo yamegeuka na anayelipwa kidogo ndiye anayebanwa achange.

Nchi nyingine nazo zina namna yake. Wajapani hukutana Desemba kwenye mkusanyiko wanaouita bonenkai, maana yake ni kuusahau mwaka, ili taabu zake zibaki nyuma. Uingereza, sheria ya kodi inamruhusu mwajiri kutumia hadi pauni 150 kwa kila mtu kwa mwaka kwenye sherehe iliyo wazi kwa wafanyakazi wote, bila gharama hiyo kuhesabiwa kuwa kipato cha kutozwa kodi. Kwa hiyo kwao ni kawaida mwajiri kulipa. Kwetu, mara nyingi tunaunda kamati na kupitisha daftari la michango kama tunavyofanya kwenye harusi na misiba.

Fedha ya serikali haigharamii sherehe

Kama unafanya kazi shuleni, kwenye zahanati ya serikali au halmashauri, lianze hili. Novemba 2015, muda mfupi baada ya Rais John Magufuli kuingia madarakani, serikali ilipiga marufuku kutumia fedha za umma kuchapisha kadi za Krismasi na Mwaka Mpya. Mwezi huohuo, sehemu kubwa ya fedha za hafla ya ufunguzi wa Bunge ilielekezwa kununua vitanda vya Hospitali ya Taifa Muhimbili. Sherehe za Uhuru za Desemba 9 mwaka ule nazo hazikufanyika. Siku hiyo watu walishika mafagio na makoleo kufanya usafi, wakati nchi ikipambana na kipindupindu.

Miaka imepita, lakini msingi ni uleule. Fedha iliyokuja kwa ajili ya chaki, dawa au matengenezo ya choo hainunui mbuzi wa Krismasi. Mkuu wa kituo akisema "tutachukua kidogo kwenye kasma fulani, tutarudisha Januari," kamati ikatae kwa heshima. Mkaguzi akija, hatauliza pilau lilikuwa tamu kiasi gani.

Vilevile, usipeleke daftari la michango kwa mzabuni anayeuza vitu kituoni kwenu, wala kwa mwananchi mwenye shida inayosubiri sahihi yako. Mzabuni akitoa mbuzi leo, kesho atakuja kudai fadhila. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 haiachi kuhesabu rushwa kwa sababu imeletwa ikiwa na miguu minne.

Je, mwajiri anaweza kukata mshahara wangu?

Hili ndilo swali linalokuja zaidi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, inasema mwajiri haruhusiwi kukata mshahara wa mfanyakazi ila kwa sababu zilizotajwa. Kwa ufupi, makato yawe yanatakiwa au yanaruhusiwa na sheria, mkataba wa pamoja, amri ya mishahara, amri ya mahakama au tuzo ya usuluhishi, au mfanyakazi mwenyewe awe ameridhia kwa maandishi kulipa deni. Mchango wa sherehe haumo kwenye orodha hiyo. Ni hiari, hata kama umetangazwa kwenye kikao na watu wote wakapiga makofi.

Kama umekatwa bila kuridhia, anza kwa mazungumzo. Mwone msimamizi wako faraghani, umwambie, "Bosi, naomba tuzungumze kuhusu makato ya mwezi huu." Mara nyingi yanaishia hapo. Yasipoisha, kuna chama cha wafanyakazi, kuna Afisa Kazi, na kuna Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, maarufu CMA.

Sheria hiyohiyo, kifungu cha 25, inasema anayefanya kazi siku ya sikukuu ya kitaifa alipwe mara mbili ya mshahara wake wa msingi kwa kila saa aliyofanya kazi. Kwa hiyo mlinzi au mhudumu aliyeshinda kazini tarehe 25 na 26 Desemba, sahani ya pilau aliyotumiwa haifuti malipo hayo.

Kiwango sawa kwa wote kinaumiza

Mei Mosi ya mwaka 2025 ilifanyika kitaifa hapa kwetu Singida, na wengi mliisikiliza kupitia redio. Siku ile Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kima cha chini cha mshahara kwa watumishi wa umma kupanda kutoka Sh 370,000 hadi Sh 500,000 kwa mwezi kuanzia Julai 2025. Tuchukue namba hiyo. Mchango wa Sh 20,000 kwa anayepata 500,000 ni asilimia 4 ya mshahara wote kabla ya makato. Kwa anayepata milioni mbili, ni asilimia 1. Kwa kibarua wa mashine ya alizeti anayelipwa kwa siku, inaweza kuwa kazi ya siku mbili au tatu.

Tena angalia majira yetu. Desemba mvua imeanza, na shamba linataka mbegu, jembe na kibarua. Januari inakuja na sare, madaftari na mtoto anayekwenda kidato cha kwanza. Ada ilifutwa, lakini godoro la bweni, viatu na nauli vinangoja pale pale. Elfu ishirini ya Desemba kwa mkulima anayelinda shule usiku ndiyo mbegu yenyewe.

Nilikuwa upande huo. Nilipomaliza cheti changu cha utangazaji, nilijitolea kwenye ofisi moja bila mshahara, nikipewa nauli tu. Desemba ilipofika, karatasi ilibandikwa ukutani yenye majina yote, na mbele ya kila jina kiasi alichotoa. Mbele ya jina langu palikuwa na mstari mtupu. Kila niliyempita mlangoni niliona kama amesoma mstari ule. Nikakopa elfu kumi na tano kwa dada yangu, nikalipa. Siku ya sherehe nilikula lakini sikuonja ladha, maana akili yangu ilikuwa kwenye deni. Aliyebandika karatasi ile hakuwa na nia mbaya. Alifuata alivyokuta wengine wakifanya.

Kwa hiyo ombi la kwanza kwa kamati ni hili: msibandike majina ya michango ukutani, wala msiyatume kwenye kundi la WhatsApp mkianza na "wasiolipa hadi sasa". Anayedaiwa mkumbusheni pembeni, mara moja au mbili, kisha mwacheni.

Tupige hesabu pamoja

Tuseme ni kituo chenye watu 30: wakuu wanne, wafanyakazi wa kati 16, na walinzi, wafagizi na vibarua kumi. Bei hizi ni za mfano tu. Ziondoe, uweke za gulio la kwenu.

Mchele kilo 6, kwa Sh 3,000: 18,000
Mbuzi mmoja wa wastani: 120,000
Kuku wa kienyeji watatu, kwa Sh 20,000: 60,000
Mafuta ya alizeti lita 3, kwa Sh 6,000: 18,000
Vitunguu, nyanya, viungo na chumvi: 25,000
Ndizi au viazi: 20,000
Kachumbari na matunda: 20,000
Soda kreti 2, chupa 48, kwa Sh 16,000: 32,000
Maji katoni 3, kwa Sh 5,000: 15,000
Kuni na mkaa: 15,000
Mpishi na msaidizi wake: 40,000
Kukodi viti, turubai na sahani: 50,000
Kubeba vitu: 12,000

Jumla ni Sh 445,000. Ongeza asilimia 10 ya dharura, yaani 44,500, maana lazima kitu kitapanda bei au kitasahaulika. Sasa ni Sh 489,500. Ukigawa kwa watu 30, kila mmoja ni kama Sh 16,300.

Hapa ndipo kamati nyingi husimama na kutangaza: "Kila mtu elfu kumi na saba." Kuna njia nyingine.

Kwanza, mwombeni mwajiri au mwenye mradi abebe vitu viwili vinavyoonekana, mbuzi na mpishi. Hiyo ni Sh 160,000. Mwombeni mapema, kwa barua fupi yenye hesabu hii, asikutane nalo kwenye kikao mbele za watu. Kinabaki Sh 329,500. Kama ni kituo cha umma, mchango wa mkuu utoke mfukoni kwake.

Pili, pangeni viwango kwa ngazi. Walinzi, wafagizi na vibarua kumi watoe Sh 4,000 kila mmoja, ni 40,000. Wa kati 16 watoe Sh 11,000, ni 176,000. Wakuu wanne watoe Sh 28,500, ni 114,000. Jumla Sh 330,000. Imetosha, na imebaki mia tano.

Tatu, anzeni Septemba. Sh 11,000 ukiigawa kwa miezi minne ni Sh 2,750 kwa mwezi. Inalipika hata na anayeuza mayai. Ukiidai yote tarehe 15 Desemba, inakuwa mzigo.

Na asiyeweza kabisa? Ale. Anaweza kusaidia kupanga viti au kuleta kuni, lakini lisiwe sharti wala adhabu. Mambo mawili yasifanyike hata kidogo: kumnyima sahani mwenzenu wa mwaka mzima kwa sababu ya elfu nne, na kuwageuza wafagizi kuwa waosha vyombo wa sherehe yao wenyewe. Kama vyombo vitaoshwa na watu wa kazini, waoshe wote, na bosi aanze.

Njia za kupunguza gharama

Mkoa wetu una baraka zake. Mafuta ya alizeti, vitunguu, kuku wa kienyeji na asali ni vitu wengine wanavifuata Singida kutoka mbali. Mwenye kuku alete kuku badala ya fedha, mwenye shamba la vitunguu alete debe. Andikeni thamani yake kwa bei ya gulio, ihesabiwe kuwa mchango wake.

Nunueni mapema vitu visivyoharibika. Wiki ya Krismasi bei ya mbuzi na kuku hupanda kila gulio, kwa sababu kila kaya inatafuta kitoweo. Ukifanya sherehe wiki ya kwanza au ya pili ya Desemba unaokoa fedha, tena unawapata walimu kabla hawajasafiri kwenda kwao.

Sare za sherehe, vitambaa vya kushona, keki ya ghorofa na MC wa kulipwa si lazima. Kijana wa ofisini mwenye sauti na ucheshi anatosha. Muziki wa spika moja nao unatosha, na unawaepusha na ugomvi na majirani. Kuna kanuni za mwaka 2015 za udhibiti wa kelele, na sherehe kazini haina ruhusa maalumu ya kuzivunja. Mjulisheni mwenyekiti wa mtaa au kitongoji na mtendaji kabla ya siku yenyewe, muulize kama kuna kibali kinachohitajika.

Mweka hazina na simu ya michango

Fedha ikikaa kwenye simu ya mtu mmoja, hata kama ni mwaminifu, anajiweka majaribuni. Mtoto akiugua usiku, mkono unakwenda kwenye fedha iliyopo. Tumieni huduma ya vikundi ya mitandao ya simu, kama M-Koba, ambako kutoa fedha kunahitaji idhini ya zaidi ya mtu mmoja. Kama hamtaki hiyo, watu wawili washike: mmoja fedha, mwingine daftari, na kila jioni walinganishe.

Hesabuni pia makato ya kutoa fedha. Kamati nyingi husahau, halafu mweka hazina anaonekana amekula. Mwambieni kila anayetuma aongeze ya kutolea, au yaandikwe kwenye bajeti.

Ndani ya wiki moja baada ya sherehe, hesabu isomwe mbele ya wote: tumekusanya kiasi gani, tumetumia kiasi gani, risiti hizi hapa, imebaki kadhaa. Inayobaki, hata kama ni elfu tatu, waamue wote pamoja. Kamati isiyosoma hesabu mwaka huu isishangae mwakani kukosa michango.

Meza moja, imani nyingi

Singida ina Wakatoliki, Walutheri, Wapentekoste, Wasabato na Waislamu wengi, na mara nyingi wote wako chini ya paa moja la kazi. Jina la shughuli lina uzito. Mkiita "sherehe ya Krismasi" mnaifanya ya dini moja. Mkiita "sherehe ya kufunga mwaka" kila mmoja anaona ni yake, na Mkristo hapotezi kitu, kwa sababu Krismasi yake ataiadhimisha kanisani na nyumbani. Kama kituo ni cha kanisa, ni haki yao kuiita Krismasi. Hapo adabu ni kumwalika asiye Mkristo bila kumlazimisha kuimba wala kusali.

Siku nayo ichaguliwe kwa akili. Ijumaa mchana Waislamu wanakwenda msikitini. Kuanzia Ijumaa jua likizama hadi Jumamosi jua linapozama, Wasabato wako kwenye Sabato. Jumapili asubuhi Wakristo wengine wako kanisani. Alhamisi alasiri au Jumapili baada ya saa nane mchana huwafaa wengi.

Nyama ndiyo sehemu ya kuangalia sana. Mwislamu anahitaji nyama iliyochinjwa kwa taratibu za dini yake. Njia rahisi, ambayo wazee wetu waliifuata bila makelele, ni kumwomba Mwislamu achinje mbuzi na kuku mbele ya watu, kisha wote wakala sufuria moja. Usilione jambo dogo. Februari 2013, huko Buseresere mkoani Geita, ugomvi kuhusu nani achinje ulifika hadi mtu kuuawa. Mkiwa na kitimoto, msikiweke kwenye meza ya pamoja wala kukigawa kwa vijiko vilevile. Msabato naye hali nguruwe. Bora kukiacha kabisa siku hiyo.

Wapo pia wasiosherehekea Krismasi kwa imani yao, kama Mashahidi wa Yehova. Akisema "mimi sitashiriki, nawatakia heri," mpokeeni jibu lake. Asitozwe, asitaniwe, asiulizwe mara ya pili. Sheria ya ajira inakataza ubaguzi kazini kwa sababu ya dini, na utani wa kila siku unaweza kufika huko.

Dua ya kufungua, kama ipo, iwe fupi. Wako wanaoomba Mkristo mmoja na Mwislamu mmoja, dakika moja kila mmoja. Inapendeza na inatosha.

Pombe na mipaka ya kuheshimiana

Ushauri wetu ni mmoja: fedha ya michango isinunue pombe. Mlokole, Mwislamu na Msabato wametoa fedha yao, si haki iende kwenye bia wasizokunywa. Anayekunywa anywe kwa mfuko wake na baadaye, mahali pengine. Na kumbukeni viroba vilipigwa marufuku tangu Machi 1, 2017, asije mtu akavileta kwa kificho.

Anayekunywa asiendeshe. Kijiwe cha bodaboda kinachofanya sherehe kipange kabla nani hatakunywa na atawarudisha wenzake. Desemba barabara ya vumbi imegeuka tope na makorongo yana maji. Hata asiyelewa anateleza.

Kuna jambo lingine ambalo wanawake wengi hutuandikia wakiomba tusitaje majina. Bosi anayemvuta mhudumu wacheze, anayemgusa, anayemwambia "ukinikubalia, Januari mkataba wako utaongezwa". Huko si kuchangamka. Sheria ya rushwa ya 2007, kifungu cha 25, inaitambua rushwa ya ngono kuwa kosa, na sheria ya ajira inakataza unyanyasaji kazini. Kamati iteue mtu mzima anayeheshimika, dada au mama wa ofisini, ambaye yeyote akisumbuliwa amwendee mara moja. Sherehe iishe mapema, watu wakiona njia, na wasichana wasiachwe kutafuta usafiri peke yao usiku.

Adabu ndogondogo za siku yenyewe

Fika kwa wakati. Kama ni saa nane, mpishi ameivisha saa nane.

Uliza kabla kama mwenza na watoto wamealikwa. Ukija na watoto wanne ambao hawakuhesabiwa, wenzako wanne watakula ukoko.

Salamu zianze kwa wakubwa, shikamoo ipewe nafasi yake hata kama mzee huyo ni mlinzi na wewe ni mkuu wa idara. Kwenye foleni ya chakula, wazee na wajawazito watangulie. Bosi akikaa nyuma ya foleni, watu watalizungumza hilo hadi Pasaka.

Hotuba ya bosi iwe dakika tano. Aseme asante, ataje kazi iliyofanyika, asitumie nafasi hiyo kuonya wachelewaji. Maonyo yana kikao chake.

Mkibadilishana zawadi, wekeni kikomo cha bei, mfano Sh 3,000, ili anayeleta kanga ya elfu kumi asimwaibishe anayeleta sabuni ya kipande.

Kufungasha chakula kusianze kabla wote hawajala. Njoo na hotpoti au kontena lako, maana mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019. Na chakula kilichokaa nje zaidi ya saa mbili bila moto, hasa wali na nyama, ni hatari kwa tumbo. Bora kiachwe.

Omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha akiwa anakula, na usiirushe mtandaoni kabla hajaiona.

Sahani ya asiyekuwepo

Tumalizie na watu ambao sherehe huwasahau. Zahanati haiwezi kufunga kwa sababu ya pilau, muuguzi wa zamu yuko na mama mwenye uchungu. Mashine ina mlinzi getini. Shule ina mzee anayelala nje usiku akilinda madawati. Hao mara nyingi hupelekewa mabaki saa moja jioni, mifupa na wali wa chini.

Kamati yenye busara hupakua sahani zao kwanza, kabla ya mgeni rasmi. Zinafunikwa, zinaandikwa majina, na mtu mwenye cheo anazipeleka kwa mikono yake. Haigharimu hata shilingi moja zaidi ya bajeti ile tuliyoipiga hapo juu. Nimewahi kumsikia mlinzi mmoja akisema kwamba katika miaka yake yote ya kazi alichokikumbuka ni siku ambayo mkuu wa shule alimletea sahani, akakaa naye kwenye benchi mpaka akamaliza kula.

Kama una swali kuhusu michango ya kazini kwenu, tuandikie ujumbe mfupi kwenye namba ya kipindi. Tutajibu hewani bila kutaja jina lako wala kituo chako. Tunawatakia nyote kufunga mwaka kwa amani, na mvua njema mashambani.